Barua kwa Zuleikha: Buli la Rangi Usilikimbilie

Stoke-on-Trent,
Jumapili jioni

Shoga yangu Zuleikha,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inayotutesa. Nataraji na nyinyi hapo Maskati hamjambo, watoto na bibi mkubwa.

Picha zako nimezipata. Buli zuri, sikatai. Yule Mchina na mwavuli wake, yale mawaridi, na huo mkono na mdomo vilivyofinyangwa mfano wa tawi lenye vifundo! Nimeelewa kwa nini usingizi umekuruka. Lakini kabla hujapeleka jina lako mnadani, nisikilize.

Muuzaji anasema ni la huku kwetu Staffordshire, Uingereza, la miaka ya 1760. Udongo wake sina shaka nao. Ile picha uliyoivuta karibu inaonyesha vitundu vidogo vidogo kama ganda la chungwa, na hivyo havitoki kwa brashi. Wafinyanzi wa Burslem, mji wa hapa hapa, walikuwa wakichukua udongo mweupe wa Devon na Dorset, wanauchanganya na gumegume lililochomwa na kusagwa. (Vumbi la gumegume hilo liliwala wasagaji mapafu, ndipo Thomas Benson akapata hataza ya kulisagia ndani ya maji mwaka 1726.) Vyombo vikishapangwa jokoni na moto ukapita nyuzi 1200, wanatupia chumvi, hii hii ya kulia wali, kupitia matundu ya juu. Chumvi inageuka mvuke, mvuke unaungana na udongo, chombo kinatoka kimevaa kioo chembamba chenye vitundu hivyo. Mji mzima ulikuwa ukifunikwa na moshi wa kuchoma koo siku za kutia chumvi.

Sasa rangi ndiyo inayonipa wasiwasi. Ile ya waridi, kijani na manjano haiwezi kuuhimili moto wa chumvi. Ilipakwa juu ya chombo kilichokwisha kuiva, kisha kikarudishwa kwenye joko dogo la moto wa chini. Mtindo huo ulishika kasi kuanzia miaka ya 1750. Wachoraji hawakuwa lazima wawe kwa mfinyanzi mwenyewe. David Rhodes, kwa mfano, alikuwa na karakana yake Leeds, akipaka rangi vyombo vya watu wengine, kabla hajahamia London kumfanyia kazi Josiah Wedgwood, mfinyanzi maarufu wa huku.

Umeshaona mlango ulipo? Kama rangi ilitiwa baadaye kwa halali, hakuna cha kumzuia mjanja kuitia baadaye zaidi. Buli jeupe tupu la 1760 lina bei yake. Likiwa na Mchina na mwavuli, bei hiyo inapanda mara nyingi. Kwa hiyo watu walinunua meupe, wakayapaka rangi, wakayachoma tena, miaka mia au zaidi baada ya mfinyanzi kufa. Buli la kweli, mapambo ya uongo.

Mwambie muuzaji akupigie picha za lenzi pale mikwaruzo ilipo: chini ya mdomo, ukingo wa kifuniko, kando ya mkono. Buli lililotumika lina mikwaruzo ya miaka. Mikwaruzo ikikata rangi, hiyo dalili njema. Rangi ikiwa imeingia ndani ya mkwaruzo, au imepanda juu ya kipande kilichomeguka, basi brashi ilikuja nyuma ya matumizi, na hapo mwage. Muulize pia kama limewahi kumulikwa kwa taa ya urujuanimno, maana mdomo uliogundishwa huonekana hapo hata kama kwa macho ni mzima. Anasema "halina hata ufa". Mimi maneno hayo yananipa shaka zaidi kuliko ufa wenyewe.

Udogo wake usikutishe. Chai ilikuwa ghali na ushuru wake mkali mpaka serikali ilipoushusha hadi asilimia 12.5 mwaka 1784, kwa hiyo mabuli mengi ya wakati ule ni ya vikombe vichache tu.

Ungeniuliza mimi, pesa hizo ningeziweka kwenye vile vyeupe vyenye mistari ya buluu. Mfinyanzi alikuwa akichora ua kwa ncha kali udongo ukiwa bado mbichi, anajaza mistari unga wa kobalti, madini yanayotoa buluu, kisha chombo chote kinaingia kwenye moto wa chumvi mara moja. Buluu ile imelala chini ya kioo. Mtu anaweza kuiga chombo kizima, ndiyo, lakini hawezi kulichukua la zamani jeupe akalitia mistari hiyo leo. Halafu vinapendeza, jamani! Vinanikumbusha mkono wa mtu, siyo fundi wa kuwaridhisha wageni. Hata kikombe kilichomeguka ukingo ningekipokea kwa mikono miwili. Na lile la sura ya Frederick, mfalme wa Prussia, ulilonitumia mwanzo, achana nalo. Alikuwa mshirika wa Waingereza katika Vita vya Miaka Saba, wakamchora kila mahali, na wakusanyaji bado wanampigania hadi bei haina adabu.

Ukija London, kabla ya Oxford Street nitakupeleka V&A, makumbusho ya sanaa, kisha tupande treni uje uone yaliyopo makumbusho ya hapa Hanley. Ukishatazama mengi ya kweli kwa karibu, hutahitaji barua zangu.

Jambo moja usinibishie: lolote utakalonunua, usilitilie chai. Rangi hizo zina madini ya risasi ndani yake, nayo ni sumu, na maji ya moto yatamalizia ufa usiouona.

Nitumie picha za lenzi mara ukizipata, hata usiku. Muuzaji akikataa kuzipiga, niambie vilevile. Nisalimie wote, na bibi mkubwa mwambie dawa yake ya magoti nimeshaiagiza.

Wako,
Mwanaidi