Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Kiti Ambacho Hakuna Aliyekikalia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule na wajumbe wako,
Walimu wetu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Mgeni Rasmi, kiti ulichokalia kimetoka ofisini kwa Mkuu wa Shule. Wanachama wawili wa klabu yetu walikibeba tangu asubuhi, kikafutwa vumbi mara tatu, na yupo mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyekaripiwa kwa kutaka kukijaribu. Tunalitaja hilo kwa sababu risala yetu ya leo inahusu kiti, na inahusu mgeni.

Desturi ya risala ni kuanza na historia ya klabu. Yetu ni fupi. Tunakutana kila Alhamisi baada ya vipindi, tuko wachache, na Mwalimu Mlezi hutuvumilia. Miaka ya nyuma tulikuwa tunarukaruka, leo Misri, wiki ijayo Zimbabwe Kuu, na mwisho wa mwaka hakuna aliyekumbuka kitu. Mwaka huu tukaamua kumchukua mtu mmoja na kukaa naye muhula mzima. Tukapiga kura. Nzinga wa Ndongo na Matamba alikosa kura mbili tu, na waliomtaka hawajatusamehe hadi leo. Aliyeshinda ni Yaa Asantewaa, ohemaa (cheo tutakachokieleza mbele) wa Edweso katika dola ya Asante, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ghana.

Mgeni Rasmi, ili kumwelewa mama huyu ilitubidi turudi nyuma kidogo, Januari 1896. Jeshi la Waingereza liliingia Kumasi, mji mkuu wa Asante. Mfalme, Asantehene Prempeh I, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, naye aliamua kutopigana. Alikuwa amekwisha kutuma wajumbe hadi London akitumaini mambo yangemalizwa kwa mazungumzo. Waingereza wakamdai fidia ya vita vya 1874 kati yao na Asante, aunsi 50,000 za dhahabu, ambazo kwa mizani ya leo ni zaidi ya tani moja na nusu. Hakuwa nazo. Mbele ya watu wake mwenyewe, yeye na mama yake Yaa Akyaa walilazimishwa kupiga magoti na kushika miguu ya gavana, kisha wakakamatwa. Walipelekwa Elmina pwani, halafu Sierra Leone, na mwaka 1900 wakavushwa mpaka Shelisheli. Kati ya waliochukuliwa pamoja na mfalme alikuwemo mjukuu wa Yaa Asantewaa, aliyekuwa mtawala wa Edweso. Mji ukabaki bila mkuu, bibi akaubeba.

Mwaka huohuo wa 1896, mwezi Agosti, manowari za Waingereza ziliipiga kasri ya Zanzibar kwa muda usiofika saa moja, na Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitangaza sultani, akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Huyu tutakutana naye tena mbele kidogo.

Sasa tufike kwenye kiti. Tarehe 28 Machi 1900 Gavana Frederick Hodgson aliwakusanya machifu wa Asante mjini Kumasi. Aliwaambia kwamba Prempeh hatarudi. Aliwaambia kwamba deni lipo palepale, tena pamoja na riba. Kisha akauliza Kigoda cha Dhahabu kiko wapi, na kwa nini yeye, mwakilishi wa malkia wa Uingereza, hajakalishwa juu yake saa ileile.

Mgeni Rasmi, kwetu mgeni hukaribishwa kiti. Huyu alidai mwenyewe, tena alidai kile ambacho hata mwenye nyumba hakikalii.

Kigoda hicho jina lake ni Sika Dwa Kofi. Masimulizi ya Waasante yanasema kilishuka kutoka mbinguni siku ya Ijumaa, kwa maombi ya kuhani Okomfo Anokye, kikatua kwenye mapaja ya Osei Tutu, mfalme aliyeziunganisha koo za Asante mwishoni mwa karne ya 17. Ndani yake, wanaamini, imo roho ya taifa zima: waliokufa, waliopo na watakaozaliwa. Asantehene mwenyewe hakikalii. Kina mahali pake maalumu pa kuwekwa, na kinapotolewa hadharani hutolewa kwa heshima kama mfalme. Baadhi yetu tuliwahi kuona picha za siwa na ngoma za Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja, nasi tukaelewa haraka: kuna vitu ambavyo aliyenavyo ndiye mwenye nchi, na kuviomba tu kama mtu anavyoomba kalamu ni kutangaza vita. Sijui kama Hodgson aliwahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote. Wanachama wawili wanasema aliambiwa na akapuuza. Mimi nadhani hakuuliza.

Machifu walimsikiliza kimya, wakatawanyika.

Yaliyofuata ndiyo sehemu inayopendwa na kila mtu. Inasimuliwa kwamba machifu walikutana kwa siri usiku, wengine wakiogopa, wengine wakitaka kuomba radhi ili mfalme arudishwe. Yaa Asantewaa, mwanamke wa miaka kama sitini, mkulima, akasimama akawaambia kwamba kama wanaume wa Asante hawataki kwenda mbele, basi wanawake watakwenda. Maneno hayo yamesimuliwa kwa namna nyingi, nasi hatutayaigiza hapa. Tulijaribu kwenye mazoezi, na Mwalimu Mlezi akasema tunapiga kelele kuliko tunavyoeleza.

Tulifanya mdahalo kuhusu usiku huo. Upande mmoja ulisema huu ni muujiza: mwanamke mmoja jasiri katikati ya waoga. Walizungumza vizuri, wakapigiwa makofi. Ndipo mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu, ambaye kwa kawaida hasemi, akasimama na swali moja. Aliingiaje kwenye kikao?

Ukumbi ukanyamaza. Maana ni kweli, kikao cha siri cha wakuu wa dola iliyo kwenye hatari hakiingiwi na mpita njia. Swali hilo lilitugharimu Alhamisi tatu, na ndilo jambo tunalotaka kukueleza leo kuliko mengine yote.

Kiswahili kinatuchanganya hapa. Tukisema malkia, tuna maana ya mke wa mfalme, au mwanamke anayetawala mwenyewe. Ohemaa si huyu wala yule. Kwa Waasante mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kiti cha utawala hupita huko. Kwa hiyo kando ya kila chifu yuko mwanamke wa ukoo huo, mara nyingi mama yake, dada yake au mama mdogo, mwenye kigoda chake mwenyewe na baraza lake mwenyewe. Kiti kikiwa wazi, yeye ndiye anayetaja jina la atakayekikalia. Chifu akikosea, yeye ana haki ya kumkaripia mbele ya watu, jambo ambalo mwingine akilifanya atalijutia. Yaa Asantewaa aliwekwa kwenye cheo hicho na kaka yake, aliyekuwa chifu wa Edweso.

Kwa hiyo usiku ule hakuwa bibi aliyechomoka nyuma ya pazia akawaaibisha wanaume. Alikuwa kazini. Kumkumbusha mwenye kiti wajibu wake ndiyo kazi yenyewe ya ohemaa, na usiku ule mwenye kiti alikuwa ng'ambo ya bahari, kwa hiyo waliobaki wakasikia maneno yaliyomhusu yeye. Ujasiri alikuwa nao, hatukatai. Lakini tunapoisimulia habari yake kana kwamba alikuwa mwanamke wa ajabu aliyeangushwa na mbingu, tunawafuta wanawake wote waliokalia kigoda kile kabla yake, na tunaifuta nchi iliyokuwa imewawekea kigoda. Upande wa muujiza ulishindwa mdahalo, ingawa mpaka sasa kiongozi wao anasema alidhulumiwa muda.

Machifu wakamkabidhi uongozi wa vita. Kuhusu vita vyenyewe tutapita haraka, maana saa ya chakula inakaribia. Kuanzia mwishoni mwa Aprili Waasante waliizingira ngome ya Kumasi, gavana na mkewe wakiwa ndani. Walikata magogo makubwa wakajenga maboma kukatiza njia za msituni, na risasi zikawa zinatoka nyuma ya maboma ambayo hayakuonekana mpaka mtu ayafikie. Chakula kikaisha ngomeni. Tarehe 23 Juni gavana akatoroka na sehemu kubwa ya askari kuelekea pwani, akaacha kikosi kidogo nyuma. Tarehe 15 Julai Kanali James Willcocks akafika na jeshi la kuwaokoa waliobaki.

Kuna mambo mawili katika vita hivyo ambayo hatukuyafurahia, na tulikubaliana tuyataje. La kwanza, ndani ya ngome pamoja na gavana walikuwemo watawala wa Kiasante, wakiwemo wa Mampong na Juaben. Asante haikuwa na moyo mmoja. La pili, askari waliopigana upande wa Waingereza wengi walikuwa Waafrika, na baadhi waliletwa kutoka Nyasaland, Malawi ya leo, katika kikosi ambacho baadaye kiliingizwa kwenye KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki. Mwenzetu mmoja ambaye babu wa baba yake alikuwa askari wa KAR alikaa kimya kipindi kizima siku hiyo. Hatukumuuliza.

Mwanzoni mwa 1901 Yaa Asantewaa alikuwa mikononi mwa Waingereza. Tarehe 1 Januari 1902 Asante ikatangazwa kuwa koloni. Alipelekwa Shelisheli, alikokuwa mfalme wake.

Hapo ndipo sisi wa upande huu wa Afrika tuliposhtuka. Shelisheli si Afrika Magharibi. Iko huku, kwenye bahari yetu. Na visiwani humo Waingereza walikuwa wamekwisha kuwaleta Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro, waliokamatwa pamoja mwaka 1899. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafia njiani, Jinja, kabla ya kuiona Bunyoro. Hata Sayyid Khalid tuliyemwacha ubalozini, alipokamatwa Dar es Salaam mwaka 1916, naye alipitishwa Shelisheli katika uhamisho wake. Tulijaribu kuwaza wazee hao wakikutana njiani Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, mmoja anaongea Kitwi, mwingine Kinyoro, wakisalimiana kwa lugha ya waliowafunga. Hayo ni mawazo yetu, hatuyaandiki kwenye mtihani.

Yaa Asantewaa alifariki huko tarehe 17 Oktoba 1921, akiwa na miaka zaidi ya themanini. Prempeh alirudishwa nyumbani mwaka 1924. Mama huyu naye alirudi, ila ilikuwa mifupa yake, ikazikwa kwa heshima za kifalme.

Na kigoda? Waingereza hawakukipata. Kilikuwa kimefukiwa ardhini, na karibu miaka 20 baada ya vita wachimba barabara walikigonga kwa bahati. Baadhi ya watu wakaiba mapambo yake ya dhahabu, wakashitakiwa na Waasante wenyewe kwa hasira ambayo nusura iwaue. Safari hii serikali ya kikoloni, kwa ushauri wa mtaalamu wake wa mila, R. S. Rattray, ilitangaza kwamba haikitaki. Watu walikuwa wamekufa msituni kwa ajili ya kitu ambacho baadaye mdai alisema si mali yake. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyesoma aya hiyo kwa sauti alifunga daftari akasema, "Sasa si wangeuliza tangu mwanzo!" Hatukupata cha kumjibu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio yetu ndiyo hayo uliyoyasikia. Changamoto ni vitabu, kama kila klabu itakavyokuambia leo, kwa hiyo hatutarudia. Makala tuliyosoma ilikuwa nakala moja, ikazunguka mpaka kurasa za mwisho zikachanika, na ndiyo sababu wengine wetu wanajua vita vizuri lakini hawajui uhamisho.

Ombi letu ni moja. Ramani ya Afrika iliyoko darasani tunakokutania ni ya zamani. Upande wa mashariki, baharini, mchoraji alipata nafasi tupu, akaweka kisanduku cha ufunguo wa ramani: rangi ya misitu, alama ya reli, alama ya mji mkuu. Kisanduku hicho kimekaa juu ya Shelisheli. Tulipomtafuta Yaa Asantewaa hatukumwona, ikabidi tuweke nukta kwa kalamu ya wino katikati ya alama za reli na kuandika Mahé. Mwalimu wa Jiografia bado anatafuta aliyeharibu ramani yake, nasi tunatumia nafasi hii, mbele yako, kukiri kwamba ni sisi.

Tunaomba utusaidie kupata ramani nyingine, yenye bahari yote.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Historia