Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nguo na Picha za Japani, na Majina Tusiyoyaandika

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita mliniagiza tushike somo moja mwaka mzima. Kura zenu ziliangukia Japani ya kati ya vita kuu mbili: nguo zake na picha zake za kuchapwa kwa ubao. Tumekutana kila mwezi, isipokuwa Ramadhani. Fedha za chama zimo katika taarifa ya mweka hazina mliyogawiwa mlangoni, nami sitairudia.

Kilichotushika zaidi ni meisen, hariri ya watu wa kawaida. Nyuzi zake nyingi zilitoka kwenye vifukofuko visivyofaa kwa hariri ya daraja la juu, rangi zake zilikuwa za viwandani, na bei yake iliwafikia wanafunzi wa kike na wahudumu wa mikahawa. Katika mbinu ya hogushi, mafundi waliutanda mtande, yaani nyuzi za urefu, wakaushikiza kwa mshindio, yaani nyuzi za kukingama, wa muda uliolegea, wakaweka kiolezo cha karatasi iliyokatwa mchoro na kupaka rangi juu yake. Kisha mtande ulipanda kitanda cha mfumi, na mshindio wa muda ukafumuliwa kidogo kidogo huku ule wa kudumu ukiingia. Nyuzi husogea kidogo, ndiyo maana kingo za waridi au mshale wa meisen huwa na ukungu. Mafundi wa mji wa Isesaki walitia rangi mtande na mshindio vyote viwili, kisha wakafuma hadi michoro ikutane. Wenzetu watatu walijaribu hogushi kwa nyuzi za pamba hapa ukumbini. Ua la kwanza lilipinda, la pili likasomeka. Siku ile nilifurahi kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka huu.

Upande wa picha, tulianza na swali la nani anafanya nini. Katika ukiyo-e, picha za ubao za Japani ya zamani, mmoja alichora, mwingine akachonga, wa tatu akachapa, na mchapishaji akatoa fedha. Yamamoto Kanae alivunja mpango huo mwaka 1904 kwa picha ya mvuvi aliyoichora, kuichonga na kuichapa mwenyewe. Chama cha wasanii wa njia hiyo, sosaku-hanga, kiliundwa mwaka 1918, na mwaka uliofuata kikaonyesha kazi zake katika duka kubwa la Mitsukoshi, Tokyo, lililoanza karne ya 17 kama duka la vitambaa vya kimono. Picha na nguo zilikaa chini ya paa moja, na hilo halikunishangaza. Kati ya wasanii hao nampenda Onchi Koshiro, ambaye tangu mwaka 1915 alikuwa akichonga picha zisizo na mtu wala mti, maumbo na rangi tu.

Tetemeko la tarehe 1 Septemba 1923 liliua watu zaidi ya 100,000 na kuteketeza sehemu kubwa ya Tokyo. Kundi la wasanii la Mavo, lililoongozwa na Murayama Tomoyoshi aliyekuwa ametoka Berlin mapema mwaka huohuo, lilipaka rangi vibanda na maduka ya muda yaliyoota juu ya majivu. Baadaye, kati ya 1928 na 1932, Onchi na wenzake saba walichapa picha mia moja za Tokyo mpya.

Kikao kigumu kilikuwa cha mwisho. Maumbo yaleyale ya kisasa tuliyoyasifu, katika miaka ya 1930 yalibeba ndege za kivita na vifaru kwenye kimono, hata za watoto wadogo. Wengine walitaka tuziruke nguo hizo. Nilikataa, na bado nakataa: anayesifu ufundi aangalie pia ulichotumikishwa. Mwezi Julai 1940 serikali ilipiga marufuku bidhaa za anasa, na rangi zile zikaanza kufifia mitaani.

Sasa pendekezo langu. Jina la Onchi tunalo. Tunalo la Serizawa Keisuke, aliyeona nguo za bingata za Okinawa, zinazotiwa rangi kwa violezo, mwaka 1928 na kugeukia uchapaji wa violezo. Tunalo la Yamawaki Michiko, aliyesomea ufumaji Bauhaus, shule ya sanaa na ufundi huko Dessau, Ujerumani, na kurudi kufundisha Ginza, Tokyo. Lakini ni nani aliyekata violezo vya meisen tulizozitazama mwaka mzima? Pamba ya Japani ilijaa madukani Afrika Mashariki miaka ya 1930, baada ya meli za kampuni ya Kijapani ya Osaka Shosen Kaisha kuanza safari zake huku mwaka 1926. Bibi zetu waliivaa bila kumjua mfumaji. Hata kanga tulizo nazo kabatini, methali zake tunazikariri, wachoraji wake hatuwajui.

Naomba daftari la makusanyo yetu lipate safu tatu mpya: aliyechora, aliyekata au kuchonga, na aliyechapa. Pasipojulikana jina, tuache nafasi wazi, tusiandike la kampuni badala yake. Kanga mbili mlizochapa wenyewe mwezi Machi ziwe za kwanza kuandikwa. Wenye kazi wako hapa, waulizwe leo kabla hatujapiga kura.