Tromboni ya Memorial

Moshi, Jumanne usiku

Kwako Aminieli,

Bwana asifiwe. Huku wazima, mvua zimeanza kwa fujo, njia ya kupanda kwetu imekuwa uji mtupu, na Mama Neema anasema deni lako la mbege bado analo kichwani. Najua umeniandikia mara mbili sijajibu. Nitaomba radhi siku nyingine, leo nimebanwa na jambo na wewe ndiye mtu pekee wa kunisaidia.

Kamati imenipa laki tisa nitafute tromboni. Ndiyo, mimi tena, baada ya aibu ya ile baritoni. Safari hii wamenipa na mhasibu wa kunichunga, kijana hajui tromboni na tarumbeta vinatofautiana nini, lakini ana kalamu tatu mfukoni.

Sasa kuna jamaa ana kibanda cha redio na majiko ya umeme, ukitokea soko la Memorial unashuka kidogo kushoto. Ameitundika ukutani katikati ya feni mbili. Bei yake? Laki tisa, kana kwamba alikuwepo kwenye kikao chetu. Anasema ni "ya Mjerumani, ilikuja na wamisionari wa Leipzig." Nikamwambia mzee, wamisionari wa Leipzig walifika huku 1893, na hii imechorwa Weltklang kwenye beli, ule mdomo mpana wa mbele, chini yake jina la Ujerumani Mashariki. Nchi hiyo ilizaliwa 1949 ikafa 1990. Hao wamisionari waliinunua mbinguni? Akacheka, akashusha hadi laki saba.

Unajua shida ya watu wetu ni kuamini kwamba kitu kikiwa cha zamani na cha Mzungu basi ni hazina. Ingekuwa Conn ya Mmarekani, ile ya Elkhart, kabla kiwanda hakijahamia Texas, au Bach ya Mount Vernon, ningeelewa, hizo watu wanazitafuta kwa jina na namba. Lakini Weltklang? Ni chombo cha kazi, kama Land Rover ya misheni. Sijasikia mtu ameuza ng'ombe kwa ajili ya Weltklang. Kwa hiyo jina niliweka pembeni nikaangalia mwili, kama alivyotufundisha mwalimu: anza na slaidi, lile bomba la kuvuta na kusukuma, beli hata mtoto anaweza kuisifia. Ukiondoa slaidi kinachobaki ni faneli ya mafuta ya taa.

Basi nikaitoa. Kwanza nikaisimamisha wima, nikaachia ile bomba ya nje ishuke yenyewe. Iliteremka vizuri mpaka karibu na pozisheni ya nne, ikakwama kama daladala juu ya tuta. Nikachomoa kabisa. Zile bomba za ndani, pale chini zinapovimba kidogo, kromu imekwisha, imebaki rangi ya njano upande mmoja tu, maana yake zinasuguana, hazijanyooka. Nikazilaza juu ya kioo cha kabati lake. Kona moja ikakaa hewani, noti ya elfu moja ikapita chini yake bila kugusa. Mhasibu akataka kuandika hilo, nikamwambia andika tu, "noti imepita."

Halafu nikairudishia ile ya nje, nikaziba tundu moja la juu kwa kidole gumba, nikapuliza tundu la pili. Hewa ikatoka. Lakini hapo nikajizuia kulaumu slaidi haraka, kwa sababu kile kitundu cha kutolea mate kizibo chake kimekauka kama ganda la mkate. Nikakibana kwa kidole, nikapuliza tena, ikashika. Kizibo ni shilingi ngapi? Huo ndio ubovu ninaoupenda. Nisioupenda ni ule wa bomba la kuingilia mausipisi, kile kipande cha kupulizia: kuna vidoa vya rangi ya waridi, vidogo, kama surua. Unakumbuka mwalimu alivyokuwa akisema, zinki imeshatoka, imebaki shaba nyekundu tupu, na ukisugua unatoboa. Na slaidi yote imepakwa mafuta mazito ya kujipaka! Sisi tulihangaika na Ponds na chupa ya maji ya kunyunyizia, huyu kaipaka kama mtoto anayepelekwa shule.

Kwa hesabu zangu, kwa chombo cha watoto kujifunzia, hiyo ni laki moja na nusu, mbili nikiwa na huruma. Kunyoosha slaidi hapa Moshi hakuna fundi ninayemwamini, wale wa mabomba ya gari watatuulia. Kwa laki tisa yote, afadhali nisubiri Yamaha ya mwanafunzi iliyotumika, ile 354, hata kama beli imebonyea. Beli ikibonyea bado inaimba. Hayo yote nilikuwa nimeyamaliza, nilishanyanyuka niondoke.

Ndipo nikaangalia ile vali ya kidole gumba. Uzi wake wa kuizungusha, meku. Si uzi wa dukani. Ni ule wa kuvulia samaki, wa kijani, umefungwa kwa fundo mbili na ncha zimechomwa kwa kiberiti.

Nikakaa chini. Nikaigeuza. Kwenye kona ya chini ya slaidi pana kibonyeo kilichozibwa na lehemu, tone kubwa limeganda kama machozi ya mshumaa. Na pale kwenye mhimili wa kushikia, mahali mwalimu alipokuwa akipiga namba za vyombo kwa msumari, pamesuguliwa na msasa. Upana wa kucha yangu. Sehemu nyingine zote zina kutu na uchafu wa miaka, hapo tu pana mikwaruzo, yote inaelekea upande mmoja.

Sikusema kitu. Mhasibu akauliza, "Vipi, tunachukua?" Nikamwambia twende tukanywe chai.

Tangu juzi silali vizuri. Maana kama ni ile yetu ya zamani, basi nimetumwa na usharika kwenda kununua mali ya usharika. Nikisema, mtu wa kwanza watakayemuuliza ni aliyekuwa na ufunguo wa stoo, na yeye tumemzika mwaka juzi, wewe ndiye uliyepiga besi. Mama yake watoto anakaa benchi la pili, mbele yetu kabisa. Huyu wa kibanda naye nadhani alinunua kwa nia njema, anasema aliipata kwa mtu wa Himo pamoja na jenereta. Na labda nimeona tu ninachotaka kuona. Uzi wa kuvulia mtu yeyote anaweza kununua. Ila fundo lile...

Kikao ni Jumamosi saa nne. Nimewaambia "bado nachunguza," mwenyekiti kaguna.

Sasa nijibu, usinijibu kwa mzaha. Uzi ule ulionunua kule bwawa la Nyumba ya Mungu ulikuwa wa kijani au wa bluu? Ulipoiangusha kutoka kwenye Fuso, siku ya ule msiba wa Machame, ilianguka kwa upande upi, wa mausipisi au wa beli? Lile daftari la kaunta ulimoandika vyombo vyote bado liko kwa mama yako, au panya walishalisoma? Ungekuwa wewe ungemwambia mchungaji kwanza, au ungelipa hizo laki mbili na kunyamaza? Na unakuja Pasaka, au ndiyo hadithi za Dodoma?

Halafu kuna hili, nimelikumbuka nikiwa nimeshalala, nimewasha taa tena. Uliondoka na mausipisi yake. Usikatae, nilikuona ukiiweka kwenye soksi. Mausipisi nyingine zote zilikuwa zinacheza mle au zinakataa kuingia, mpaka mwalimu alipoinyoa ile shingo kwa tupa, jioni nzima, akiijaribisha kidogo kidogo. Kama bado unayo, mpe kondakta wa basi la Alhamisi, nitaipokea stendi. Ijumaa nitarudi pale kibandani kama mteja, niichomeke nione inavyokaa.

Wako,
Elisante