Barua ya wazi kwa Mwendesha Mashtaka Mkuu, Lubumbashi: mpokeeni angali hai

Mheshimiwa Mwendesha Mashtaka Mkuu,

Mdogo wangu analala kwangu Katuba, wiki ya tano sasa, chumba kimoja na watoto wangu. Bwana yake hakumfukuza, wala hawakugombana kwa ugomvi ule wa kawaida ambao wazee huketi wakaumaliza. Alikimbia kwa sababu alisikia bei ya kuuawa kwake.

Shemeji yangu alisahau simu yake ya pili juu ya kabati, ile yenye kioo kilichopasuka. Mtoto akaichukua achezee, akagusa ujumbe wa sauti. Sauti ni ya shemeji, siwezi kuikosea. Nimekula naye meza moja miaka tisa, na siku alipoleta mali ya mahari kwetu mimi ndiye niliyempokea mlangoni. Anaongea polepole, nyuma yake mtu anatwanga. Anasema nusu anaituma leo kwa simu, nusu nyingine kazi ikiisha. Anataja saa ambayo mdogo wangu hufunga meza yake sokoni, na njia anayopita umeme ukikatika. Mwisho anawaambia wachukue na mkoba, ili watu waseme ni wezi.

Ninaomba ulishike hilo neno la mkoba. Ni watu wangapi tumewalilia mji huu, tukakesha chini ya turubai, na asubuhi tukaambiwa ni majambazi, basi? Wengi waliuawa na majambazi kweli, sina shaka. Lakini tangu nisikie sauti ile, kila kilio ninachokwenda ninajiuliza kuhusu mkoba.

Tulikwenda polisi. Ofisi sitaitaja. OPJ, yaani afisa wa polisi wa upelelezi, alisikiliza hadi mwisho, akairudisha simu mezani, akasema: "Mama, hayo ni mambo ya nyumba. Waite wazee." Kalamu hakuigusa. Tulipokataa kuondoka akaandika kovokasio, karatasi ya kumwita shemeji polisi, akampa mdogo wangu ampelekee bwana yake kwa mkono wake mwenyewe. Mwanamke abebe karatasi ya polisi hadi kwa mtu anayetafuta wa kumuua! Mimi ndiye niliyeipeleka, nikiwa na kijana wa jirani. Shemeji aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni, akaniuliza hali ya watoto wangu. Siku ya kuitwa alifika, akaongea na polisi dakika chache, akatoka. Kwa hiyo anajua kila kitu, na ndiyo maana ninaandika hadharani. Mdogo wangu akipatwa na jambo, nataka mji mzima uwe ulishajua.

Nikuambie habari ya mama mwingine, maana ndiyo inayonipa nguvu ya kuandika. Ni mzaliwa wa Burundi, aliyekuwa akiishi Melbourne, Australia, na bwana aliyetoka nchi yetu hii ya Kongo kama mkimbizi. Januari 2015 alirudi Bujumbura kumzika mama yake wa kambo. Usiku bwana akampigia simu kutoka Australia, akamwambia atoke hotelini apate hewa. Alipotoka, mtu mwenye bunduki alikuwa anamngoja. Walimpeleka kwenye nyumba wakampigia bwana, spika ikiwa wazi, na mama huyo akasikia kwa masikio yake bwana akiamuru auawe.

Wale watu hawakumuua. Walimwambia hawaui wanawake, na kaka yake walikuwa wanamjua. Walimshika siku mbili, wakala pesa ya bwana, kisha wakamwachia pamoja na kadi ya kumbukumbu ya simu yenye mazungumzo waliyorekodi na risiti za Western Union. Huko Melbourne bwana alikwisha kutangaza kwamba mke amekufa kwa ajali, na watu walikuwa wanakuja kumpa pole pamoja na michango. Tarehe 22 Februari 2015, alipokuwa akiwasindikiza waombolezaji wa mwisho, mkewe akashuka kwenye gari mbele ya nyumba.

Mwanzoni alikana. Polisi wa kule wakamwomba mama ampigie simu huku wanarekodi, na katika simu ile akakiri. Desemba mwaka uleule mahakama ikamfunga miaka 9. Hakuna maiti iliyohitajika. Sauti, risiti na mwanamke aliye hai mbele ya polisi vilitosha kufungua faili.

Mdogo wangu ana sauti. Yuko hai. Risiti ziko, ila si mikononi mwetu: pesa ikipita M-Pesa, Airtel Money au Orange Money inaacha namba, saa na jina. Mimi nikienda kuiuliza kampuni ya simu watanirudisha mlangoni, na ni haki yao. Karatasi ya parke yako, yaani ofisi yako ya mashtaka, hawatairudisha.

Najua jibu litakalokuja: hakuna aliyekufa, hakuna aliyeguswa, kosa liko wapi? Mimi si mwanasheria, lakini mtoto wa kaka yangu anasoma sheria hapa chuoni na tulikaa naye jioni mbili na Kanuni ya Adhabu ya 1940. Kifungu cha 21 kinamhesabu mtu anayechochea kosa kwa zawadi au ahadi kuwa mtenda kosa mwenyewe, sawa na aliyeshika panga. Kifungu cha 156 kinasema kundi lililoundwa ili kushambulia watu ni kosa tangu linapoundwa, hata kabla halijagusa mtu. Kama vifungu hivyo havifiki hapa, tuambiwe na hakimu kwa maandishi. Mezani, kwa mdomo, tulishaambiwa.

Siombi shemeji afe. Najua tangu Machi 2024 serikali imerudisha utekelezaji wa hukumu ya kifo, na wapo katika ukoo wetu wanaotamka neno hilo kwa hasira. Watoto wake ni watoto wetu, na wanamuuliza kila jioni. Naomba achunguzwe. Kama sauti si yake, ichunguzwe na hiyo, asafishwe mbele ya watu walewale watakaosoma barua hii. Katiba inamhesabu hana hatia hadi ahukumiwe, nami ninaikubali.

Na wanaume wafikiriwe vilevile, maana wapo wanaotafutiwa wauaji na wake zao. Tena wapo wajane ambao bwana akifa ghafla mawifi wanawanyooshea kidole siku ya kwanza ya kilio, na kabla ya mazishi godoro na masufuria viko nje. Faili iliyoandikwa vizuri ingemlinda mjane kama huyo. Hata Kanuni ya Familia, kifungu cha 765, inamnyima urithi aliyehukumiwa kwa kumuua marehemu kwa makusudi. Lakini ni nani atahukumiwa kama uchunguzi unaishia kwenye neno majambazi?

Ninachoomba kwako ni kidogo. OPJ anayeletewa sauti au ujumbe wa namna hii aandike, na kovokasio ipelekwe na polisi, isibebwe na anayelalamika. Na wa kwetu apokelewe na hakimu mmoja wa parke, simu ichukuliwe kwa hati rasmi, sauti inakiliwe mbele yake.

Jumatatu saa mbili asubuhi tutakuwa kwenye ngazi za ofisi yako, yeye, mimi na mtoto wa kaka. Simu iko kwangu, nimeifunga ndani ya kitambaa chini ya mto. Betri yake imechoka, hivyo ninaichaji kila umeme unaporudi, hata iwe saa tisa usiku.

Dada yake,
Katuba, Lubumbashi