Saa za kwenye tiketi si muda wa kukaa angani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na mawakala wa tiketi za ndege, na hata ninyi wa magazeti mnapoandika habari za safari.

Mwaka huu nimemsindikiza dada yangu kwenda kutibiwa Mumbai. Ana kisukari, anachoma insulini. Siku mbili kabla hatujaondoka Mtwara, nesi anayempangia dozi aliniuliza, "Mwalimu, mgonjwa atakuwa angani saa ngapi?" Nikampa karatasi ya wakala, iliyoandikwa kwa kalamu. Kwenda: kuondoka Dar es Salaam saa 10:00 jioni, kufika saa 6:30 usiku, safari saa nane na nusu. Kurudi: kuondoka saa 8:00 usiku, kufika saa 11:30 alfajiri, safari saa tatu na nusu.

Nesi akaisoma mara mbili. "Kwani kurudi inakimbia zaidi?"

Haikimbii zaidi. Saa ya kuondoka ni ya kwetu, ya kufika ni ya India, na wakala ametoa moja kwa nyingine. Kila digrii 15 za longitudo ni saa moja. Sisi tunafuata longitudo 45. India, nchi nzima, inafuata 82 na nusu. Hapo katikati pana saa mbili na nusu. Ndege ikitua Mumbai saa 6:30 usiku, huku Shangani ni saa 4:00 usiku. Kwenda unapunguza, kurudi unaongeza, na kote unapata saa sita.

Dozi si jambo la kubahatisha, kwa hiyo jioni ile nilitoa globu yangu ya darasani nikahakiki. Nilichukua uzi wa kushonea nyavu, nikauzungusha kwenye ikweta: sentimita 94. Ikweta ya dunia ni kilomita 40,000 na ushei, basi sentimita moja ni kama kilomita 425. Nikaubana uzi kwa kidole gumba juu ya Dar es Salaam, nikauvuta ukakaza hadi Mumbai. Sentimita 11, yaani kilomita 4,675 hivi. Jeti ikienda kilomita 850 kwa saa, ni saa tano na nusu. Weka nusu saa ya kupaa na kushuka.

Ramani ya ukutani haifai kwa kazi hii, maana inaikunjua dunia ikawa bapa. Kwenye ramani hiyo huwezi kuelewa kwa nini ndege ya Dubai kwenda Los Angeles inapita kaskazini kabisa, karibu na ncha ya dunia. Ukiweka uzi kwenye globu unaona mara moja.

Upepo nao una sehemu yake. Majahazi ya pwani hii yalikwenda India kwa kusi, yakarudi kwa kaskazi. Ndege pia husukumwa au huzuiwa na upepo wa juu, lakini kwenye safari kama hii ni suala la dakika. Karatasi ile ilitofautisha kwenda na kurudi kwa saa tano nzima.

Ninachoomba ni mstari mmoja tu wa ziada: baada ya saa ya kuondoka na saa ya kufika, andikeni muda wa angani, na mseme kila saa ni ya nchi gani.

Dada anatakiwa kurudi Mumbai baada ya miezi sita. Safari hiyo ningependa nimkabidhi nesi karatasi ya wakala bila kwanza kuihesabu upya.

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Shangani, Mtwara