Barua kwa mdogo wangu wa kijiweni Mbalizi: nenda kasomee huduma ya dharura

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikitoka zamu ya usiku hospitalini. Umeuliza mawili: kama mafunzo ya uhudumu wa dharura yana ajira, na kama mtu aliyeishia kidato cha nne anayaweza. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu vijana wa vijiwe vingine vya bodaboda hapa Mbeya, kuanzia hapo Mbalizi mpaka Uyole, wameshaniuliza hayo hayo, na wapo wanaotaka kuuliza wakaona haya.

Ajira tuimalize mapema. Fani yenyewe bado changa kwetu. Idara ya kwanza kamili ya magonjwa ya dharura nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, juzi tu, na magari ya wagonjwa tuliyonayo kazi yake kubwa ni kumtoa mgonjwa zahanati au kituo cha afya na kumpeleka hospitali. Ya kukimbilia ajalini barabarani ni machache. Ukienda darasani na hesabu ya mshahara wa mwisho wa mwezi utarudi umenuna. Elimu yako inatosha. Marekani, ambako kazi hii ina ngazi zake, mhudumu wa ngazi ya kwanza husoma saa 48 hadi 60 hivi kabla ya mtihani. Hapa kwetu Chama cha Msalaba Mwekundu hutoa kozi za huduma ya kwanza za siku chache. Kinachotakiwa ni masikio, magoti, na kukubali kurudia jambo moja mpaka mkono ulijue wenyewe.

Sasa nikuambie kwa nini nataka uende.

Wewe unashinda barabarani. Hiyo barabara ya TANZAM inayopita mbele ya kijiwe chako inabeba malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana, na miteremko yetu unaijua kuliko mimi: Iwambi, Simike, Inyala, Mlima Nyoka, na ukivuka Iringa kuna Kitonga. Breki za semi zikigoma, watu wa kwanza kufika ni nyie wa bodaboda, mama lishe, wauza ndizi, na abiria wa daladala iliyokuwa nyuma. Ubongo ukikosa hewa dakika nne hadi sita unaanza kuharibika. Mtu mzima ana lita tano hivi za damu, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika anaweza kufa kabla hamjapata hata gari la kumbeba. Hizo dakika ziko mikononi mwenu. Sisi wa mapokezi ya majeruhi hospitalini zinatufikia zimeshatumika.

Watu wetu huruma wanayo, mdogo wangu, tena ya kutosha. Nimeona majeruhi ameletwa na watu wasiomjua hata jina, wamelipia bajaji kwa hela zao, mikono imechanwa na vioo. Lakini analetwa amekunjwa kwenye siti ya nyuma ya Noah, shingo imelala begani, mguu uliovunjika unaning'inia. Wamemvuta kutoka kwenye gari, huyu kashika mkono, yule kashika mguu, kila mmoja kwa upande wake. Wengine wamemnywesha soda ili apate nguvu, na mtu asiyejitambua hawezi kumeza. Soda inaingia kwenye mapafu. Wengine wamemmwagia ndoo ya maji ili azinduke.

Hilo la ndoo ya maji, kwa huku kwetu, nalichukia kuliko yote. Juni na Julai unajua kulivyo, Uyole asubuhi mtu akiongea anatoa moshi mdomoni, na kule Makete na Kitulo majani yanaganda barafu. Aliyemwaga damu nyingi hawezi tena kujipasha joto. Na mwili ukipoa, damu nayo hushindwa kuganda vizuri, kwa hiyo kidonda kinachovuja kinaendelea kuvuja. Ukimkuta majeruhi amelala kwenye lami yenye unyevu, tafuta kitu cha kuweka chini yake, toa nguo zilizolowa, mfunike kwa chochote: blanketi, shuka la Kimasai, koti lako la mvua. Kitabu cha mafunzo kinaweza kulipita jambo hili kwa sentensi moja. Sisi wa nyanda za juu tunatakiwa kulikalia.

Somo la kwanza darasani litakushangaza, maana utafundishwa kusimama. Kabla ya kumgusa yeyote, simama, angalia, nusa. Lori limetulia au bado linateleza? Kuna waya wa umeme chini? Mafuta yanamwagika? Magari yanayokuja nyuma yametahadharishwa, au nayo yatakuja kuwagonga nyote? Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika na madumu kuchota petroli, likalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Malori kama hayo yanapita kwetu kila siku kwenda Tunduma. Ukisikia harufu ya petroli, kazi yako kama mhudumu ni kuwarudisha watu nyuma, kuzuia sigara na pikipiki, na kupiga 114 zimamoto waje. Hata kama aliye ndani unamfahamu. Ni gumu, najua, na ndiyo maana linafundishwa mwanzo.

Baada ya hapo utapewa mpangilio: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, ufahamu, kisha kumkagua mwili mzima. Ni mpangilio ule ule tunaotumia sisi wauguzi na madaktari. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitoa kozi ya msingi ya dharura iliyojengwa juu yake, na Tanzania ni mojawapo ya nchi ilikofanyiwa majaribio. Kwa hiyo utakaponikabidhi mgonjwa mlangoni na kuniambia, "Dada, anapumua, damu ya paja nimeizuia saa mbili na robo, hajibu akiitwa lakini anashtuka akifinywa," tutakuwa tunaongea lugha moja, nami nitajua pa kuanzia.

Kwenye mdoli wa kujifunzia kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama, ndipo utakapotoka jasho. Unapiga magoti, kiganja kimoja katikati ya kifua, kingine juu yake, viwiko vimenyooka, unakandamiza kwa uzito wa mabega. Kina kiwe sentimita 5 hadi 6, kasi mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila ukikandamiza unaacha kifua kirudi juu chote. Mara thelathini, halafu unampulizia pumzi mbili. Vijana wenye misuli wanaanza kwa fujo, na dakika ya pili haijaisha mikono imelegea, kifua kinashuka nusu tu bila wao kujua. Ndiyo maana mnafundishwa kupokezana kila dakika mbili, hata kama mwenzako anasema hajachoka. Mwalimu akikwambia rudia, rudia.

Damu nayo ina utaratibu wake. Kitambaa juu ya kidonda, kandamiza kwa nguvu, usikiinue kila mara kuchungulia. Kitu kilichochoma kikabaki mwilini, nondo au kipande cha kioo, usikichomoe. Ikiwa ni mkono au mguu na damu inaruka licha ya kukandamiza, ndipo unafunga juu ya kidonda, upande wa moyoni, mbali na kiungo cha goti au kiwiko. Kipande cha kitenge kilichokunjwa kikawa na upana wa vidole vitatu kinafaa. Waya na kamba nyembamba vinakata nyama. Unafunga fundo, unaweka kijiti imara juu yake, fundo la pili, kisha unazungusha kijiti mpaka damu ikome. Ataumia sana. Anaweza kukutukana matusi ya nguoni na kukuomba ulegeze. Usilegeze. Andika saa uliyofunga mahali panapoonekana, hata kwenye paji la uso kwa kalamu.

Kwa nyie wa pikipiki kuna la ziada: helmeti. Mwenzenu akianguka, haraka ya kila mtu ni kuichomoa. Kuivua kunahitaji watu wawili waliofundishwa, mmoja ameshikilia shingo na taya muda wote, mwingine anaitoa taratibu. Na kumgeuza mtu mwenye shingo inayotiliwa shaka kunafanywa na watu wanne, anayeshika kichwa ndiye anayetoa amri, wote wanasogea kwa hesabu moja, kichwa na mgongo vikienda pamoja. Mtaifanya darasani kwa zamu, na wewe utalazwa chini uwe majeruhi. Zingatia hapo unapolazwa, maana utajua inavyokuwa kushikwa na watu wasioelewana.

Lililo zito zaidi ni ajali ya watu wengi. Unaikumbuka ile ya Changarawe, Mafinga, Machi 2015, kontena lilipoliangukia basi wakafa zaidi ya watu 40. Ukifika mahali kama hapo peke yako, masikio yatakuvuta kwa anayepiga kelele. Mafunzo yatakupeleka kwa aliyenyamaza, kwa sababu anayelia ana pumzi. Majeruhi wanapangwa kwa rangi. Utawaambia wanaoweza kutembea wasogee kando, hao ni kijani. Waliobaki unawapitia mmoja mmoja: anapumua? Anapumua zaidi ya mara 30 kwa dakika? Anatii ukimwambia akukamate mkono? Nyekundu wa kwanza kubebwa, njano wanasubiri. Na wapo ambao utawafungulia njia ya hewa, wasipumue, na itabidi usogee kwa anayefuata. Huyo anaweza kuwa mtoto. Sitaki ulisikie jambo hili kwa mara ya kwanza ukiwa barabarani.

Usidhani ni ajali tu. Huku kwetu baridi ikizidi watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga dirisha, wanalala. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na familia nzima inaweza isiamke. Ukiitwa nyumba kama hiyo, fungua milango na madirisha kwanza, usikimbilie ndani ukaanguka na wewe juu yao. Watoe nje penye hewa, ndipo uanze mpangilio wako. Kuungua nako: maji safi ya bomba yanayotiririka, dakika 20, dawa ya meno na unga vibaki jikoni. Na mama mjamzito mwenye dharura, au kichanga, namba ni 115, bure. Huo ndio mfumo wa m-mama uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022; pasipo na gari la wagonjwa wanatumia madereva wa kijamii wa maeneo hayo. Shemeji yako ana gari, mwambie aulizie.

Najua wenzako wanaogopa polisi. Wanasema ukimbeba majeruhi utageuzwa mshtakiwa, au hospitali itadai PF3, ile fomu ya polisi, kabla ya kumgusa. Majeruhi wa dharura anatakiwa ahudumiwe kwanza, fomu ifuate. Piga 112, sema uko wapi, taja jina lako, subiri ueleze ulichokiona. Mhudumu aliyefundishwa anasikilizwa tofauti, kwa sababu anaeleza kwa mpangilio.

Usiende peke yako. Mtu mmoja mwenye ujuzi katikati ya watu hamsini wenye haraka atasukumwa pembeni. Mkiwa watatu au wanne kijiwe kimoja, mnapokezana kifua, mmoja anasimamisha magari, mmoja anapiga simu. Mwanza wapo waendesha bodaboda waliofundishwa huduma ya kwanza na wakawa wanaitwa kwa simu ajali ikitokea. Sioni kinachowashinda watu wa Mbalizi, wakati mna umoja wenu, mna mwenyekiti, na mnachangiana kwenye misiba. Hiyo michango ya misiba mingine ingeweza kupungua.

Utaota, mdogo wangu. Ukishamshika mtu akafia mikononi mwako, usingizi unabadilika kwa muda. Usinywe pombe kuuzima. Nipigie, hata saa nane ya usiku. Kama niko zamu nitakupigia nikitoka.

Ongea na mwenyekiti wenu wiki hii, muandike majina, muende ofisi ya Msalaba Mwekundu muulize kozi inayofuata inaanza lini na ada ni kiasi gani. Ada yako nitalipa mimi, ya wenzako mtajadiliana na umoja. Nenda na suruali isiyobana, mtapiga magoti sana. Na kabla hata ya kozi, chini ya kiti cha pikipiki weka mfuko wenye glovu, mkasi wenye ncha butu, kitenge kimoja safi na kalamu ya wino mzito. Glovu nitakutumia kwa basi la Ijumaa.

Ndaga fijo kwa kuniuliza.

Dada yako