Masafa yanayopakana na GPS yajaribiwe na wapima kabla ya kugawiwa

Ndugu Mhariri,

Kila TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, inapotangaza masafa mapya ya simu, mazungumzo huku Mbeya huwa ni kasi ya intaneti na bei ya bando. Sisi wapima ardhi tuna swali jingine: huo mnara mpya utapakana na nani hewani?

Tunapima mipaka kwa GPS, na ishara yake hutoka kwenye setilaiti zilizo kilomita 20,200 juu yetu. Ikifika Uyole, nguvu yake haifiki hata sehemu moja ya trilioni ya wati. Ukirusha mawimbi ya simu kwa nguvu kwenye masafa ya jirani, ni sawa na kufungulia spika za harusi pembeni ya mtu anayenong'ona.

Marekani yaliwakuta. Januari 2011 mamlaka yao ya mawasiliano, FCC, iliipa kampuni ya LightSquared kibali chenye masharti cha kujenga mtandao wa 4G kwa masafa ya setilaiti, megahezi 1525 hadi 1559. GPS inaanzia hapo hapo kwenye 1559. Minara ilipangwa kuwa kama 40,000. Majaribio yalipofanyika, simu nyingi zilivumilia, lakini vipokezi vya GPS vya upimaji na vya kilimo viliumia vibaya. Februari 2012 FCC ikatangaza kusudio la kufuta kibali, na Mei kampuni ikakimbilia ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Ilirudi kwa jina la Ligado na kuruhusiwa mwaka 2020, safari hii nguvu ya mnara isizidi wati 10 na megahezi 23 ziachwe wazi upande wa GPS.

Kampuni ilidai kosa ni la watengeneza vipokezi, kwamba vinasikiliza nje ya eneo lao. Kuna ukweli humo, ila si wote. Baadhi ya vipokezi vya upimaji hupokea masahihisho ya vipimo kutoka setilaiti zinazorusha ndani ya hayo hayo 1525 hadi 1559. Vingezibaje masikio?

Tusitiane hofu. Masafa yaliyopigwa mnada na TCRA Oktoba 2022, yaani megahezi 700, 2300, 2600 na 3500, yako mbali na GPS. Lakini mkutano wa dunia wa redio wa 2015, Geneva, ulifungua mlango wa simu kutumia 1427 hadi 1518. Huo ni mtaa wetu. Na kipokezi kilichoelemewa si lazima kizime. Kinaweza kukupa namba zilizopotoka ukasimika bikoni, yaani alama ya mpaka, ndani ya shamba la mtu. Migogoro ya mipaka tuliyonayo inatosha.

Naiomba TCRA, kabla ya kugawa kipande chochote kati ya 1427 na 1559, iwashe mnara wa majaribio, ituite wapima wa Mbeya, Iringa na Njombe na vipokezi tunavyotumia kazini, kisha itangaze matokeo. Alama za upimaji zenye vipimo vinavyojulikana tunazo. Tukisimamisha vipokezi juu yake, kosa la sentimita chache litaonekana siku hiyo hiyo.

Mpima ardhi,
Uyole, Mbeya